Jaji aliyeapishwa na Rais anawezaje kumkatalia Rais?

Swali hili limetufikia kwa ujumbe mfupi mara nyingi, hasa kila mahakama inapofuta jambo lililoamuliwa na serikali. Msikilizaji mmoja aliliweka vizuri kuliko wote. Alisema: mimi nikimwajiri mtu anichungie ng'ombe, kisha siku moja anizuie kuingia zizini mwangu, nitamfukuza kabla jua halijatua. Sasa huyu jaji ambaye tumemwona kwenye televisheni akila kiapo Ikulu, Rais akiwa amesimama pale pale, anapata wapi ubavu wa kumwambia Rais kwamba amekosea?

Jibu fupi ni kwamba Rais hamwajiri jaji. Anapokea jina la mtu aliyechaguliwa na wengine, anamteua, anashuhudia kiapo, na baada ya hapo hawezi kumfuta. Jibu refu linahitaji tukumbushane tulikotoka, kwa sababu kuna wakati Kenya ilikuwa kama zizi la msikilizaji wetu.

Saa saba mchana

Wenye umri wa kutosha wanaikumbuka taarifa ya habari ya saa saba mchana kwenye redio ya taifa. Mawaziri wenyewe waliisikiliza kwa wasiwasi, maana ndipo walipojua kama bado wana kazi. Watu walitania kwamba unaweza kwenda kula chakula cha mchana na bendera kwenye gari, ukarudi nyumbani kwa matatu. Sisi tunaofanya kazi ya redio hatujivunii sana sehemu hiyo ya historia yetu, lakini ndivyo ilivyokuwa: neno la Rais likisomwa hewani lilikuwa limekwisha kuwa amri.

Katiba tuliyopata uhuru nayo haikuwa hivyo. Ilijadiliwa Lancaster House, London, kati ya mwaka 1960 na 1963, na iligawa mamlaka. Kulikuwa na waziri mkuu, Seneti na serikali za majimbo, na majaji hawakuweza kufutwa ovyo. Kisha ikaanza kupunguzwa kipande kwa kipande. Desemba 1964 tukawa jamhuri, na kazi ya kuongoza serikali na ile ya kuwa mkuu wa dola zikawekwa mikononi mwa mtu mmoja. Mwaka 1966 Seneti ikamezwa na Bunge moja. Majimbo nayo yakafa. Juni 1982 kikaingizwa kifungu cha 2A kilichosema chama ni kimoja tu, KANU.

Sehemu inayohusu swali letu ilikuja baadaye kidogo. Mwaka 1986 Bunge liliondoa kinga ya kutofutwa kazi aliyokuwa nayo Mwanasheria Mkuu pamoja na mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali. Miaka miwili baadaye, 1988, kinga hiyo ikaondolewa kwa majaji wa Mahakama Kuu na wa Mahakama ya Rufaa. Mabadiliko hayo hayo yaliwapa polisi ruhusa ya kumshikilia mshukiwa wa kosa la kunyongwa kwa siku 14 badala ya saa 24. Ulikuwa pia mwaka wa mlolongo, ule upigaji kura wa kupanga foleni nyuma ya picha ya mgombea huku chifu akitazama nani kasimama wapi.

Tazama jinsi vitu hivyo vinavyoshikana. Umekaa korokoroni siku 10 bila kushtakiwa. Ndugu zako wanakwenda kwa jaji kuomba ufikishwe mahakamani. Jaji anajua kwamba akiamua vibaya machoni pa wakubwa, anaweza kuwa hana kazi wiki ijayo. Pengine ni jaji mwema. Ana watoto shuleni na mkopo benki. Utamlaumu?

Jambo ambalo wengi hulisahau ni kwamba yote haya yalifanywa kisheria. Kila badiliko lilipitishwa na Bunge, kwa kura, mchana. Kinga ya majaji ilirudishwa mwaka 1990, na kifungu cha 2A kikafutwa Desemba 1991, lakini Wakenya walikuwa wamekwisha kujifunza kwamba ukuta wa katiba unaweza kubomolewa na wabunge wenyewe ndani ya muda mfupi. Kwa maoni yetu, mwaka 1988 ndio ulioandika sura ya mahakama katika katiba ya sasa, ingawa wino ulimwagwa miaka mingi baadaye.

Kalamu inapopita mikono mingi

Madai ya katiba mpya yalibebwa na makanisa, misikiti, mawakili, akina mama waliofunga kula Uhuru Park, wanafunzi na wanasiasa wa upinzani. Rais Moi alipata kuuliza kwa kejeli, Wanjiku anajua nini kuhusu katiba? Jina hilo likawageuka waliolicheka. Tangu siku hiyo Wanjiku ni kila mwananchi wa kawaida.

Mwaka 2000 iliundwa tume ya kurekebisha katiba chini ya Profesa Yash Pal Ghai. Yeye alikataa kuapishwa mpaka kundi la viongozi wa dini lililokuwa likiendesha mchakato wake Ufungamano liingizwe katika tume hiyo. Halafu tume ikatembea nchi nzima, kila eneo bunge, ikisikiliza. Baadhi yenu mlizungumza mbele yake, chini ya miti na katika kumbi za shule. Maoni yaliyojirudia yalikuwa kwamba Rais ana mamlaka mengi kupita kiasi.

Kutoka hapo rasimu ilikwenda Bomas of Kenya, ambako wajumbe 629 walikutana kuanzia Aprili 2003 hadi Machi 2004. Haikuwa kazi salama. Septemba 2003 Dkt. Odhiambo Mbai, aliyeongoza kamati ya ugatuzi, alipigwa risasi nyumbani kwake Nairobi akafa. Wajumbe waliendelea, wakaamua kuwe na waziri mkuu mwenye nguvu za kuendesha serikali, na upande wa serikali ukatoka nje ya ukumbi.

Kilichofuata ni somo kwa yeyote anayetaka kujua jinsi katiba inavyoandikwa, au inavyoharibiwa. Rasimu ya Bomas ilipelekwa kwa wanasiasa, ikafanyiwa kazi upya, mamlaka ya Rais yakarudi, na Mwanasheria Mkuu Amos Wako akaichapisha mwaka 2005. Mahakama ilikuwa imekwisha kuamua, katika kesi iliyopelekwa na Mchungaji Timothy Njoya na wenzake, kwamba katiba mpya lazima ipigiwe kura na wananchi wenyewe. Basi tukapiga kura Novemba 2005: ndizi ikiwa ndiyo, chungwa likiwa la. Chungwa lilishinda kwa takriban asilimia 58. Watu waliona kilichochukuliwa kutoka Bomas, wakakataa kilichobaki.

Miaka miwili baadaye uchaguzi wa Desemba 2007 ulivurugika. Upinzani uliambiwa uende mahakamani, nao ukakataa, ukisema hauna imani na majaji. Hilo lina uzito kuliko linavyosikika. Mahakama isipoaminika, mgogoro hauishi, unahamia barabarani. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa na zaidi ya 600,000 wakahama makwao, na wako wasikilizaji wetu ambao hawakurudi tena kwenye mashamba yao.

Ndipo Kofi Annan akasimamia mapatano ya Februari 2008, na katiba mpya ikawa mojawapo ya masharti. Safari hii njia ilichorwa kwa tahadhari. Kamati ya Wataalamu iliyoongozwa na wakili Nzamba Kitonga ilianza kazi mwaka 2009, ikiwa na wajumbe watatu kutoka Afrika Kusini, Zambia na Uganda. Haikuanza upya. Iliambiwa ichukue rasimu zilizokuwepo, itenge yale ambayo Wakenya wamekwisha kukubaliana na yale wanayogombania, ishughulikie ugomvi. Rasimu ilitolewa Novemba 2009, wananchi wakapewa siku 30 kutoa maoni.

Januari 2010 wabunge wa kamati husika walijifungia Naivasha. Huko wakaondoa kiti cha waziri mkuu na kuchagua mfumo wa Rais, lakini Rais ambaye mawaziri wake hawatoki bungeni na wateule wake hupitishwa na Bunge. Kuna wanaosema Naivasha ilisaliti Bomas. Wengine wanasema bila Naivasha tusingepata katiba kabisa. Sisi tunaona wote wana haki kidogo, na tunaliacha hapo, maana kwa swali letu kuna jambo kubwa zaidi: sura ya mahakama ilibaki na meno yake.

Rasimu ilipofika Bunge zima, wabunge walileta mapendekezo zaidi ya 150 ya kuibadilisha. Hakuna hata moja lililopita. Sheria ilitaka asilimia 65 ya wabunge wote, yaani kura 145 kati ya 222, ili kugusa neno lolote. Tarehe 1 Aprili 2010 ikapita kama ilivyokuja. Tarehe 4 Agosti zaidi ya theluthi mbili ya waliopiga kura wakasema ndiyo, na tarehe 27 Agosti ikaanza kutumika.

Zizi lenye funguo nyingi

Sasa turudi kwa mchungaji wa ng'ombe. Waandishi wa katiba walijiuliza maswali matatu: nani anamchagua jaji, nani anaweza kumfuta, na nani anashika mfuko wake?

Kumchagua ni kazi ya Tume ya Huduma za Mahakama, ile mnayoisikia ikiitwa JSC. Kifungu cha 171 kinaipa wajumbe 11. Jaji Mkuu ni mwenyekiti. Majaji na mahakimu wanachagua wenzao wanne kwa kura. Mawakili wanachagua wawili, mwanamke na mwanamume. Yupo Mwanasheria Mkuu, yupo mtu mmoja anayeletwa na Tume ya Utumishi wa Umma, na wapo wawili wasio wanasheria wanaowakilisha umma, ambao Rais huwateua lakini Bunge lazima liwakubali. Hesabu mwenyewe: hata ukiwapa Rais wale wanne wa mwisho wote, hawatoshi kupitisha jina. Na Jaji Mkuu na naibu wake wakishapendekezwa na tume hiyo, Bunge la Taifa nalo lazima liwaidhinishe.

Kumfuta jaji kunaelezwa katika kifungu cha 168. Ni lazima kuwe na sababu zilizotajwa, kama ugonjwa unaomzuia kufanya kazi, utovu wa nidhamu, kufilisika au kutojua kazi. Malalamiko huanzia JSC, ambayo mwananchi yeyote anaweza kuiandikia. Tume ikiona yana msingi inampelekea Rais, naye lazima aunde jopo la kuchunguza. Jopo likimwondolea jaji lawama, anarudi kazini. Rais hana nafasi ya kusema huyu simtaki.

Kuhusu mfuko, mshahara wa jaji hauwezi kupunguzwa ili kumuumiza. Jaji hustaafu akiwa na miaka 70, na Jaji Mkuu hukaa miaka 10 tu.

Na ili 1988 isijirudie, kifungu cha 255 kinasema kwamba uhuru wa mahakama ni miongoni mwa mambo ambayo Bunge peke yake haliwezi kubadilisha. Lazima turudi kwenye kura ya maamuzi. Muhula wa Rais nao umo katika orodha hiyo hiyo.

Je, ilifanya kazi?

Jaribio la kwanza lilikuja mapema kuliko tulivyotarajia. Januari 2011, miezi mitano tu baada ya katiba kuanza, Rais Kibaki alitaja majina ya Jaji Mkuu, Mwanasheria Mkuu, Mkurugenzi wa Mashtaka na Mdhibiti wa Bajeti kwa njia ya zamani. Mashirika ya kiraia yakaenda mahakamani, na Mahakama Kuu ikasema utaratibu haukufuatwa. Rais akayaondoa majina. JSC ikatangaza nafasi, ikawahoji waombaji hadharani, na aliyepatikana kuwa Jaji Mkuu ni Willy Mutunga, mhadhiri wa sheria aliyekuwa amewekwa kizuizini bila kesi mwaka 1982. Wakati huo huo majaji wa zamani walipigwa msasa mmoja mmoja, na mwaka 2012 wanne wa Mahakama ya Rufaa waliambiwa hawafai kuendelea.

Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu, chini ya Jaji Mkuu David Maraga, ilifuta uchaguzi wa Rais kwa kura nne dhidi ya mbili. Aliyekuwa ametangazwa mshindi ndiye aliyekuwa Ikulu. Alikasirika na kusema hivyo waziwazi, lakini uchaguzi ukarudiwa. Linganisha na 2007.

Mwaka 2019 JSC ilimpelekea Rais Uhuru Kenyatta majina ya majaji 41. Alikaa nayo karibu miaka miwili. Juni 2021 akateua 34 na kuwaacha sita, wawili kati yao wakiwa wametoka kusikiliza kesi iliyosimamisha mpango wa BBI mwezi uliotangulia. Sita hao waliapishwa Septemba 2022 na Rais aliyemfuata. Hapa tunaona nyufa za ukuta. Katiba inasema Rais atateua, lakini haikuandika atafanywa nini akikaa kimya.

BBI yenyewe iliishia Mahakama ya Juu Machi 2022. Majaji walisema njia ya kubadilisha katiba kwa saini milioni moja za wapiga kura ni ya wananchi, na Rais hawezi kuitumia kama njia yake. Na Julai 2023, utawala ukiwa mpya, Mahakama Kuu ilisema uteuzi wa makatibu waandamizi 50 wa wizara ulikiuka katiba.

Tusiwadanganye kwamba mambo ni shwari. Oktoba 2017, siku moja kabla ya uchaguzi wa marudio, kesi ya kutaka uahirishwe ilifika Mahakama ya Juu na majaji wawili tu wakatokea, ilhali sheria inataka watano. Usiku uliotangulia, dereva wa Naibu Jaji Mkuu alikuwa amepigwa risasi na kujeruhiwa. Mwaka 2018 wakili Miguna Miguna alisafirishwa nje ya nchi ingawa mahakama ilikuwa imeamuru afikishwe mbele yake. Jaji hana polisi wake. Ana karatasi na muhuri, na anategemea wenye bunduki waiheshimu karatasi hiyo.

Bunge, ambalo lilipewa mamlaka makubwa ya kumzuia Rais, tunalitaja kwa ufupi kwa sababu halijayatumia sana. Lina uwezo wa kumwondoa Rais kwa theluthi mbili za Bunge la Taifa kisha theluthi mbili za Seneti. Njia kama hiyo ilitumika Oktoba 2024 dhidi ya Naibu Rais Rigathi Gachagua, wakati ambapo yeye na Rais walikuwa hawasikilizani tena. Miezi minne kabla yake, Mswada wa Fedha ulipitishwa na wabunge, na walioufanya Rais akatae kuutia saini ni vijana waliojaa barabarani, baadhi yao wakauawa.

Ufunguo ulio mfukoni mwako

Wengi hudhani kesi ya katiba ni ya mawakili wa Nairobi. Kifungu cha 22 na cha 258 vinampa kila mtu haki ya kwenda mahakamani akiona katiba inavunjwa, kwa niaba yake au ya wengine, hata kama yeye binafsi hajaumizwa. Kesi ya haki za kimsingi haitozwi ada ya kufunguliwa. Mahakama inaruhusiwa kupokea hata barua ya kawaida ikibidi. Okiya Omtatah, ambaye si wakili, alifungua kesi nyingi za namna hii kabla ya kuchaguliwa Seneta wa Busia mwaka 2022. Ukishindwa, mara nyingi katika kesi za maslahi ya umma kila upande hubeba gharama zake, ingawa hilo si ahadi. Nakala, nauli na muda bado ni vyako. Kaunti nyingi sasa zina Mahakama Kuu, kwa hiyo safari si ndefu kama zamani.

Na ile saa saba mchana? Kifungu cha 135 kinasema uamuzi wa Rais katika kazi zake za kikatiba lazima uwe kwa maandishi, wenye muhuri na saini yake. Ukisikia tamko la barabarani, hata likisomwa na sisi, una haki ya kuuliza liko wapi kwenye karatasi.

Msikilizaji wa ng'ombe aliuliza pia kama njia hii inafika kwa gavana. Inafika. Bunge la kaunti nalo, kwa kifungu cha 196, lazima liwashirikishe wakazi katika kazi yake, na bajeti au ushuru uliopitishwa bila nyinyi kuitwa unaweza kupelekwa kwa jaji yule yule. Wengi wenu mmetuandikia kuhusu ushuru wa soko. Tumeziweka jumbe hizo, na tutazichukua moja baada ya nyingine katika makala ijayo.